Mayai ya Chatu wa Kichuguuni

Jumatatu, 18 Novemba 1912
Maji mbali tena. Kisima cha karibu ni tope tupu. Nimetwanga, nimemwosha Mama miguu, nimewafundisha wanawake herufi mpaka jua la utosi. Wawili walisinzia. Sikuwagusa, wameamka kulima ardhi kavu kama mfupa.

Jioni mdogo wangu Chiwanga amerudi kutoka kazini kwenye kokoto za reli bila shuka mgongoni. Huyu ni mtu wa maneno mengi. Leo hata salamu hana. Shuka ameibeba kama mzigo, na ndani yake mayai. Meupe, makubwa kuliko ya bata, mengine yamegandamana. Nikajua mara moja ni ya nani.

Jumanne, 19 Novemba
Naandika yaliyotokea yasije yakageuzwa. Bwana wa kokoto, yule Mdachi mwenye ndevu nyekundu, alimwona chatu akiota jua juu ya kichuguu, nyuma ya zizi letu. Akataka ngozi yake. Akapiga bunduki. Chatu akajivuta shimoni, akafia humo. Bwana akamwamuru Chiwanga achimbe, na askari akasimama na kiboko. Chiwanga akachimba, akamvuta. Ngozi ikaenda na Bwana. Mayai Bwana hakuyataka.

Chatu yule alikuwapo kabla ya tembe letu hili la paa la udongo. Baba alijenga jirani naye kwa makusudi, maana penye chatu panya hawakai. Wazee wanasema zaidi: yeye ndiye mwenyeji wa mahali hapa, sisi wote tu wageni wake. Mimi nimebatizwa, naitwa Lea, sisemi hivyo. Lakini nimekua nikimwona. Maisha yangu yote alichukua kuku wetu mmoja tu, na kuku mwenyewe alikuwa mjinga.

Jumatano, 20 Novemba
Nina hasira.

Baraza kwa Mzee Sogodi, mkuu wa wazee wa kijiji. Wamemhukumu Chiwanga. Mkono uliomtoa mwenyeji hauwezi kulala hapa tena. Tembe libomolewe baada ya mavuno, tuhame. Nikauliza, aliyepiga bunduki ni nani? Wote wakatazama vidole vya miguu. Bunduki ya Mdachi, jembe la Chiwanga, kesi ya jembe. Mnyonge hana haki.

Mama hawezi kutembea hata hadi kisimani. Baba amezikwa zizini. Mama amesema hatoki penye mumewe, na akisema ameshasema. Chiwanga akifukuzwa hapa, ni nani atakayempa binti?

Nikasimama. Mwanamke, mjane, tena msomaji wa kanisani. Nikasema mayai yapo, nitayaangua, mwenyeji atarudi. Wakacheka. Mzee Sogodi akasema, "Mama yao ameshakuwa viatu vya Mdachi. Wewe ndiwe utakayeyalalia?"

Nikamjibu nitayalalia. Akafuta machozi ya kicheko. Akasema, "Mavuno yakiisha, kama yuko chatu kichuguuni, Chiwanga akae. Kama hayuko, abomoe."

Nikamwomba arudie, ili na wenye masikio mazito wasikie. Akarudia kwa sauti. Yeye anatania. Mimi sitanii.

Alhamisi, 21 Novemba
Mayai yanataka nini? Kuku simpi, atayavunja. Juani yatakauka. Nimefikiri tangu asubuhi nikipeta uwele, na jibu lilikuwa ndani ya ungo.

Kimea. Kabla sijabatizwa nilipika pombe na Mama, na kimea chetu hakikuwa na mfano. Mbegu unailowesha, unaifunika, unaipa joto na unyevu, inaamka. Yai nalo ni mbegu. Basi nitayatia mayai kwenye kimea.

Nimeutoa mtungi mkubwa wa pombe uliokuwa umekaa bure tangu ubatizo wangu. Nimechimba shimo pembe ya chumba cha ndama, nimeuzika mpaka shingoni, na pembeni nimeshindilia samadi mbichi. Samadi ikianza kuiva inachemka yenyewe, kila mchunga ng'ombe anajua. Ndani nimetia mchanga wa korongo, nimeunyunyizia maji, kisha mayai. Juu ungo, na juu ya ungo ngozi ya mbuzi.

Chiwanga alikaa mlangoni akitazama. Hakunipa hata mkono wa msaada. Nikamwambia basi nisogezee samadi. Akasogeza.

Ijumaa, 22 Novemba
Samadi imechemka kupita kiasi. Nilitia mkono mtungini nikautoa mbio. Nikachota samadi kwa mikono, nikachanganya na majivu na udongo. Jioni joto limetulia. Mama anasema kimea kinataka joto la kwapa, pungufu kidogo. Ndicho kipimo changu. Natia mkono mtungini, kisha kwapani, kisha mtungini tena. Mtu akiniona atasema nimerogwa.

Jumapili, 24 Novemba
Ibada. Wanawake wamenisogea mbali kwenye benchi. Nanuka samadi, kweli. Lakini si hiyo tu.

Mwalimu Yohana, mkuu wa shule yetu hapa, mtu wa pwani, msafi kuliko sahani, alinisubiri mlangoni. Ameambiwa nafuga nyoka. Nikasema bado, kwa sasa ni mayai. Hakucheka. Akanikumbusha bustani ya Edeni. Nikamkumbusha Musa alivyomwinua nyoka jangwani. Akasema yule alikuwa wa shaba. Nikasema wangu pia bado hawana meno.

Ulimi wangu utanimaliza. Lakini nilijisikia vizuri njia nzima.

Ijumaa, 29 Novemba
Kila asubuhi navigeuza vimea vyangu, yaani mayai. Ya chini yaje juu, ya juu yaende chini. Yaliyogandamana nimeyatenganisha taratibu. Kimea usipokigeuza kinaota ukungu na kuchacha. Kikishikana, unakifikicha. Mikono yangu inaikumbuka kazi hii kuliko kichwa.

Chiwanga hajapanda darini kuweka udongo. Mvua inakaribia, paa la tembe lina mashimo. Nikimwambia ananijibu mtu hatengenezi nyumba ya kubomoa. Nimemwita mwoga. Sikupaswa kusema hivyo mbele ya Mama.

Jumanne, 3 Desemba
Mayai matatu yamebadilika. Manjano, yamebonyea, yana jasho. Harufu mbaya.

Nimegeuza kwa uangalifu zaidi.

Jumapili, 8 Desemba
Nimeua. Hakuna neno jingine.

Nimepasua yai lililooza. Ndani alikuwa nyoka mwembamba kama uzi wa viatu, ameshikamana na gamba upande mmoja, na mishipa yake imekatika. Nimepasua jingine. Vilevile. Mama akaomba aguse. Macho yake yana ukungu lakini vidole vinaona. Akauliza, "Nani alikwambia uyageuze?" Nikasema kimea kinageuzwa. Akasema kuku naye hugeuza, ila je, chatu ana mikono? Alikuwa akijiviringisha juu ya mayai yake na kukaa. Hayageuzi. Na kama aliyagandisha pamoja, alikuwa na sababu zake.

Basi. Nilijifanya fundi. Karibu nusu yameharibika kwa mikono yangu iliyojua sana. Nimelia chumba cha ndama, ndama wakinilamba mgongo.

Kisha nimefuta kamasi. Mazima nimeyapanga yalivyokaa, na kila moja nimelitia alama ya masizi juu. Alama ikisogea nitajua. Mkono wangu hauyagusi tena. Yaliyokufa nimeyazika kichuguuni, mchana, watu wanaona. Waone.

Ijumaa, 13 Desemba
Mzee Sogodi amepita na mkongojo wake. Alisimama nje ya uzio, akasema amesikia mbegu zangu zinaoza. Nikamjibu zilizobaki zinamtosha. Akacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kifupi.

Alhamisi, 19 Desemba
Mvua ya kwanza. Kijiji kizima nje wanapiga vigelegele. Mimi nilikuwa ndani na beseni.

Paa linavuja juu ya mtungi hasa. Yai la chatu likifunikwa na maji linazama kama mtu. Niliita Chiwanga. Alikuwa amelala kifudifudi, hakuinuka. Nikavuta ngozi zote za nyumba kufunika mtungi. Hazikutosha. Basi nikachukua jembe na kikapu, nikapanda juu ya tembe mwenyewe.

Kwetu mwanamke hapandi darini akiwa na kaka au mdogo wa kiume ndani ya nyumba. Ni kumtangazia kuwa amekufa. Nilijua. Nilipanda hivyo hivyo, nguo imeshikamana na mwili, nikashindilia udongo kwa miguu juu ya kile kitundu. Wanawake wa jirani waliacha vigelegele wakanitazama. Nikawaamkia kutoka juu, mbukwenyi! Hakuna aliyeitikia.

Niliposhuka Chiwanga alikuwa ameketi. Aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi. Sikumwomba radhi.

Jumatano, 25 Desemba
Noeli. Nimezuiwa Meza ya Bwana. Mwalimu Yohana alitangaza mbele ya watu bila kunitaja jina, na wote wakageuka kunitazama. Darasa la wanawake nalo nimenyang'anywa. Alinifuata nje akasema kwa upole kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwonyesha miguu yangu yote miwili.

Nimeumia, lakini. Nilimpenda Bwana Yesu kabla sijamjua Yohana, na nitampenda baada yake. Jumapili nitakuja tena, nitakaa benchi la nyuma pamoja na wasiobatizwa. Mlango wa nyumba ya Mungu hakuujenga yeye.

Jumatatu, 6 Januari 1913
Joto la kwapa, pungufu kidogo. Mchanga una unyevu. Alama za masizi ziko mahali pake. Siku nzuri. Nimelima.

Jumanne, 14 Januari
Jambo la ajabu. Samadi ilikuwa imepoa, nikaja asubuhi kuibadilisha, nikakuta imebadilishwa. Mbichi, imeshindiliwa vizuri, na majivu kwa kipimo. Chiwanga alikuwa amekwisha kwenda kwenye kokoto. Jioni akarudi. Nilimpa nyama ya mgongo.

Jumatano, 22 Januari
Mayai yanabonyea. Yote. Moja baada ya jingine yanakunjamana kama mashavu ya ajuza. Hivyo ndivyo yalivyoanza yale yaliyooza.

Hayana harufu lakini. Nimeinama kunusa mpaka kichwa kikaniuma.

Habari imeshafika kwa Mzee Sogodi. Sijui nani anaitoa humu ndani, pengine ndama. Ametuma mtu kusema tusipoteze muda, tuanze kutafuta mahali. Nimemrudisha mtu wake na salamu: mavuno bado.

Kisu kiko mkononi. Yai moja tu, nipasue nione. Mama akasema, "Ulipojua ulifanya ulivyojua. Sasa hujui. Kaa." Nimekaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko hii ya kukaa.

Ijumaa, 24 Januari
Hakuna.

Jumamosi, 25 Januari
Kuna pua.

Nilifunua ungo asubuhi, na yai la pembeni lina mchano kama uliokatwa kwa wembe, na kwenye mchano pua, na nyuma ya pua jicho. Linanitazama. Nikamwita Chiwanga kwa sauti ambayo hata kisimani wameisikia. Alikuja mbio na mswaki mdomoni. Akapiga magoti. Mtu mzima, mabega yanatikisika. Nikamwachia chumba.

Adhuhuri vichwa vitatu. Hawatoki. Wanachungulia tu, wanapumua, wanarudi ndani. Wana maringo.

Jumatatu, 27 Januari
Wametoka saba. Wawili hawakupasua gamba lao. Saba wazima, wenye madoa ya mama yao, wenye hasira tangu dakika ya kwanza. Wameniuma mkono mahali pengi. Damu kidogo. Nimefurahi kupita siku ya harusi yangu, Mungu amrehemu marehemu.

Nimetuma wito kwa wazee waje kuona. Mzee Sogodi alikuja, akafika uani, akakataa kuingia. Akasema aliahidi chatu kichuguuni, si chatu mtungini. Sawa. Nikatia saba wote kwenye kikapu cha kimea, nikapita katikati ya wazee. Nilivyokaribia wazee wakafungua njia pana sana. Waliodai mwenyeji arudi, mwenyeji amerudi, wanamkimbia!

Chiwanga akabeba upande mmoja wa kikapu. Mkono uleule. Akawamimina kwenye mdomo wa shimo alilochimba. Wakaingia mmoja mmoja, hawakugeuka nyuma. Mzee Sogodi akasema tutaona kama watakaa.

Jumatatu, 10 Februari
Sijaona hata mmoja. Nimekwenda kichuguuni asubuhi na alasiri. Nyasi tu.

Jumatano, 12 Machi
Hakuna. Uwele umechanua. Wengine wanasema kenge wamewala. Mama anasema nyoka mdogo hajionyeshi, ni mwenye akili. Mimi sijui. Kuwaangua niliweza. Kuwaamrisha waote jua mbele ya Sogodi, siwezi.

Jumapili, 20 Aprili
Benchi la nyuma. Binti mmoja asiyebatizwa ameniomba nimwonyeshe herufi ya jina lake, nikaiandika mavumbini kwa kidole. Sasa wanakuja watatu nyumbani kusoma, wanakaa karibu na mtungi. Yohana anajua. Na ajue.

Mavuno yameanza. Chiwanga anavuna haraka kama anayefukuzwa. Nimemkuta akihesabu miti ya tembe, ipi itafaa kubebwa.

Jumatatu, 5 Mei
Siku imefika.

Uwele uko ghalani, na Mzee Sogodi amekuja na wenzake kichuguuni. Walizunguka. Walichungulia mashimo kutoka mbali. Jua lilikuwa zuri kabisa la kuota na hakuna aliyetoka kuota. Mzee akapiga mkongojo chini mara moja. Akasema neno ni neno, hamwoni mwenyeji, Chiwanga abomoe. Hakufurahi kusema hivyo, lazima niandike haki yake. Alionekana amechoka. Chiwanga akainamisha kichwa. Mimi nilitafuta la kusema nikalikosa, mimi!

Ndipo akaja mkewe Sogodi, na mwiko mkononi, unga mpaka viwikoni. Zamani alikuwa akipika pombe na Mama. Tangu nilipopanda darini hakuwa amenisemesha. Akauliza wanaume wanatafuta nini. Wakamwambia. Akasema, "Mbona yuko kwangu? Tangu mwezi uliopita yuko ghalani, nyuma ya kilindo ninachowekea mbegu. Ameshameza panya wote. Hii ndiyo mara ya kwanza mbegu zangu kufika mavuno bila kutobolewa."

Mzee akasema makubaliano ni kichuguuni. Mkewe akamjibu, "Kichuguu ni kwake. Matembezi ni yake. Ukimtaka hapa, nenda kamlete."

Wote tukamtazama Mzee Sogodi. Akautazama mkongojo wake. Mwenzake mmoja akakohoa. Kisha mwingine akasema, hata yeye, sasa akikumbuka, alikuta gamba la nyoka ghalani kwake. Na mwingine.

Mzee akageuka kwa Chiwanga. Akasema, "Kaa." Hilo tu. Akaondoka mbele, mkewe nyuma yake akimsema njia nzima.

Jumatano, 7 Mei
Nimelala siku nzima kama mgonjwa. Mama ameomba pombe kidogo kwa ajili ya Baba, imwagwe zizini. Nimemkatalia, mimi ni Mkristo. Kisha nimelowesha uwele. Yeye si Mkristo, na mtungi ni wake.

Ijumaa, 9 Mei
Asubuhi ya baridi. Nikipepeta uani niliona udongo ukidondoka kwenye ungo wangu. Nikataka kugomba. Nikatazama juu.

Chiwanga yuko darini na kikapu. Anamwaga udongo, anashindilia kwa miguu, anahama, anamwaga tena. Alikuwa anaimba wimbo wa kulimia, chini chini, hajui anasikika.

Nimehamisha ungo pembeni nikaendelea.